Shahidi wa Tatu Ameanza Kurudi

Sogea karibu unisikie vizuri, na usishangae nikinyamaza ghafla katikati ya neno. Sisi watu wa Goma tumezoea kusikiliza kwa sikio moja. Lile la pili huwa liko mlimani au barabarani. Nataka kukueleza habari ya vipande vitatu vya ardhi tupu kando ya ziwa, kila kimoja kikubwa kama chumba cha kulala, na jinsi vilivyokaribia kumfunga mama mmoja kwa sababu ya neno nililoliandika mimi kwa mkono wangu. Nitakwenda polepole. Ukipotea njiani, kosa ni langu.

Ilikuwa baada ya ile volkeno iliyoukata mji wetu vipande viwili. Moto ulishuka kutoka mlimani, ukapita katikati ya nyumba na maduka, ukaingia ziwani, maji yakachemka. Chumba nilichopanga kililala chini ya jiwe. Nilikuwa mwalimu wa biolojia, na shule yangu nayo ikawa jiwe. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, kama ulivyokuwa kabla ya moto. Siku ile walikimbia pamoja nasi, wakarudi pamoja nasi. Mara nyingine nawaza kwamba hilo ndilo jambo pekee tulilowahi kufanya pamoja.

Baada ya hapo hakuna aliyejua kukaa. Katika kila nyumba palikuwa na mfuko karibu na mlango: nguo mbili, sufuria, karatasi za kuzaliwa za watoto, sabuni. Ardhi ilitetemeka wakati wa kula, na watu waliinuka na sahani mkononi, wakasubiri, wakakaa tena, wakaendelea kula. Mimi nililala leo kwa mjomba, kesho kwa rafiki, kesho kutwa kwenye darasa la kanisa. Nilipokaa, magoti yangu yalicheza yenyewe. Niligundua kwamba yalitulia katika kazi moja tu: nilipokuwa nimeinama kando ya maji nikihesabu.

Nikueleze ilikuwa kazi gani. Magharibi ya mji, kwenye njia ya kwenda Sake, kuna ghuba ndogo ambayo zamani ilizungukwa na matete marefu kuliko mtu. Siku ya moto, maelfu ya watu walikimbilia upande ule. Walilala pale majuma mengi. Walikata matete kujengea vibanda, wakayatandika chini, wakayachoma kupikia, na mwisho wakang'oa hata mizizi ili wapate mahali tambarare pa kulaza watoto. Simlaumu yeyote. Mtu aliyekimbia moto hahesabu matete. Lakini walipoondoka, ufuko ulibaki kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Kila mvua ilikokota udongo mweusi hadi ziwani, na maji ya ghuba yakawa na rangi ya kahawa. Tena tilapia hutunza watoto wao katikati ya miguu ya matete, jinsi mtoto anavyojificha nyuma ya kitenge cha mama yake mgeni anapoingia. Matete yakiisha, watoto wa samaki hawana pa kujificha. Wanaliwa wote.

Akina mama wanaouza samaki ndio waliokuwa wa kwanza kuliona hilo, kabla yangu na kabla ya biro yoyote ya serikali au ya misaada. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja ambaye babu yake alitoka Maniema na misafara ya biashara. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale soko la Birere, na sauti yake ilivuka soko zima bila kuchoka. Stoo yake ilikuwa imemezwa na moto. Aliwakusanya wenzake, wakaamua kupanda matete upya. Projé moja, shirika la misaada, ikakubali kuwapa majembe na mabuti, kwa sharti moja: awepo mtu wa kupima kila mwezi kama kazi hiyo inasaidia au la. Mtu huyo nikawa mimi.

Walipanda hivi: mabua matatu yenye mizizi, yanafungwa pamoja kwa kamba ya mgomba, yanasimamishwa kwenye tope, kisha unakwenda hatua moja na kusimamisha mengine. Tuligawanya ufuko vipande sita. Vitatu tulivipanda. Vitatu, katikati ya vile vilivyopandwa, tuliviacha vitupu.

Hapo ndipo mama alipoweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, juu ya nini hii tunaiacha? Mabua iko mengi, nguvu iko."

"Ili tujue, mama. Ukipika maharage kwenye sufuria mbili, moja ukatia chumvi, nyingine usitie, ukionja zote mbili utajua chumvi imefanya nini."

"Mimi minajua chumvi tangu zamani. Sihitaji kuharibu sufuria moja."

"Tuseme matete yaote vizuri. Nani atatuambia kama yameota kwa sababu tumeyapanda, au kwa sababu mwaka huu mvua imekuwa nzuri na yangeota tu? Ni hiki kitupu kitakachotuambia."

Alikubali, kwa namna mtu mzima anavyomkubalia mtoto aliyesoma sana. Kisha akauliza kitu hicho kinaitwaje. Katika vitabu vyetu vya Kifaransa kipande kama hicho kinaitwa témoin, yaani shahidi: kimesimama pembeni, kinaona, na siku ya hukumu ndicho kitakachosema. Nikamwambia, "Anaitwa shahidi."

"Shahidi," akasema, akikitazama kile kipande cha tope. "Basi tutaona kama anajua kusema."

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa, na lilianza kama jambo jema. Niliamua kuandika daftari lote kwa Kiswahili. Wapimaji wengine waliandika Kifaransa, na mara nyingine herufi na namba tupu ambazo mtu wa kando ya ziwa hawezi kuzisoma. Mimi nilitaka kila mama aliyepanda afungue daftari na asome mwenyewe hali ya kipande chake. Nilijivunia jambo hilo. Nilikuwa na fremu ya mianzi ya meta moja kila upande. Niliilaza chini, nikaihamisha mpaka kipande kizima kiishe, nikihesabu mabua yaliyo hai ndani yake. Kisha niliingia majini na bakuli jeupe la bati, nikachota mara kumi, nikahesabu watoto wa samaki, ambao juu ya ule weupe walionekana kama nukta zinazokimbia. Kila kitu nilikiandika kwa sentensi zinazoeleweka.

Lakini Kiswahili kina sheria zake. Ukishaandika shahidi, umeandika mtu. Huwezi kusema shahidi kimekauka. Lazima useme amekufa, hayuko, amedhoofika. Kwa hiyo mwezi baada ya mwezi, bila kufikiri, niliandika kama sarufi inavyotaka, na mkono ulipozoea, hata mabua yenyewe nikayahesabu kama watu.

Wapita njia hawakukielewa kitu tulichokuwa tukifanya. Kila siku kuna watu wanaopita kwa miguu kutoka Sake na mizigo yao, na walipofika pale walicheka. "Mama, mulichoka? Mulisahau hapa katikati!" Mwingine akasema ghuba yetu ina mapengo kama mdomo wa muzee. Akina mama walicheka nao, lakini niliona yule kiongozi wao hacheki. Nilimweleza tena habari ya sufuria mbili. Akaniambia, "Nilisikia, mwalimu. Nilisikia siku ya kwanza."

Mwaka ukapita. Vipande vilivyopandwa vilikuwa vimesimama hadi kifuani mwangu, na bakuli langu lilianza kuwa na nukta. Shahidi wa kwanza alibaki tope. Shahidi wa pili alikuwa na mabua mawili yaliyojiotea, membamba. Na shahidi wa tatu, yule wa mwisho nyuma ya jiwe kubwa ambako wapita njia wa barabara ya juu wanamwona vizuri kuliko wote, akaanza kuotesha matete. Mwezi mmoja matano, mwezi uliofuata manane, kisha kumi na mawili, mazuri, yaliyonyooka.

Siwezi kukueleza furaha niliyoipata. Katika mji ambao kila kitu kilikuwa kinabomoka au kinasubiri kubomoka, hapa palikuwa na kipande cha ardhi kinachojiponya bila kuombwa. Nilimwonyesha mama. Nikamuuliza, "Unaona? Unafikiri yametoka wapi?" Akatazama ziwa, akasema, "Mungu eko mukubwa." Nikarudi mjini karibu nikikimbia, nikaiandikia projé barua: inawezekana ufuko unaweza kurudi wenyewe kutoka kwenye mizizi ya zamani, pengine si lazima kupanda kila mahali. Walifurahi sana. Ofisi yoyote hufurahi ukiiambia kwamba kazi imepungua. Wakajibu kwamba wataangalia kama kuna haja ya kuendelea kutoa majembe msimu unaofuata.

Kwa kuwa sikuwa na makao, daftari lilikaa kwa mama. Alilifunga kwenye plastiki na kuliweka chini ya sambaza ndani ya bakuli lake, akatembea nalo popote alipokwenda kuuza. Nilifikiri hakuna mahali salama zaidi ya hapo, maana nani atachokora chini ya samaki?

Ilikuwa asubuhi, niko Birere natafuta kalamu, na mtu wa pikipiki akasimama mbele yangu bila kuzima mashine. Alinijua kwa sababu alizoea kutubeba.

"Mwalimu, panda. Mama yako bamemukamata kwa barièri, kwa njia ya Sake. Juu ya kaye yako."

"Juu ya daftari? Daftari lina nini?"

"Banasema iko na majina ya mashahidi. Panda!"

Ni huko njiani tu, upepo ukinipiga usoni, ndipo nilipolisoma daftari langu kichwani kama mtu mwingine angelisoma. Siku zile kulikuwa na maneno mengi kuhusu watu waliotoweka, na kuhusu wachunguzi wa kigeni waliokuwa wakiuliza nani ameona nini. Kuwa shahidi wa jambo lolote kulikuwa ugonjwa. Na mimi nilikuwa nimewaandika mashahidi watatu, kwa mwandiko mzuri, kwa lugha ambayo kila askari wa waasi anaisoma.

Mama alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, ile barièri, kizuizi cha mbao, mbele yake, bakuli la sambaza juani. Askari wawili walisimama nyuma yake. Mkubwa wao alikuwa kijana wa umri wangu, amevaa mabuti ya plastiki, na kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa.

"Weye njo mwalimu?"

"Ndiyo, shefu."

"Kaye ni yako?"

"Ni yangu. Mama huyu anaitunza tu, hajaandika hata herufi moja."

"Ngoja kwanza. Minasoma." Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. "Shahidi wa kwanza: hakuna aliye hai. Shahidi wa pili: wawili tu, dhaifu, hawatafika mwisho wa mwezi. Shahidi wa tatu ameanza kurudi. Leo kumi na wanne. Wote wazima, wote warefu." Akainua macho. "Kumi na bane. Barefu. Banarudi kutoka wapi? Bunagana, kwa mupaka?"

"Ni matete, shefu."

"Hata huyu mama anasema matete. Mulipatana vizuri." Akageuka kwake. "Mama, matete inaitwaka shahidi kwenu?"

"Kwetu hapana," mama akasema. "Ni jina ya mwalimu. Na sambaza yangu inaoza juu ya jina ya mwalimu."

Mmoja wa askari alicheka puani, akanyamaza haraka. Mkubwa hakucheka. Alisema mama hatoki pale. Atapelekwa mjini, kwa wakubwa, aseme mwenyewe mashahidi hao ni nani na wanalala wapi. Mimi na mama tulijua kwamba waliopelekwa kwa wakubwa hawakurudi wote. Mama alirekebisha kilemba chake.

Nikasema neno pekee nililokuwa nalo. "Shefu, twende uwaone. Ni nusu saa kwa miguu. Kama mashahidi ni watu, tupeleke sote wawili."

Alifunga daftari. Nadhani alikuwa amechoka kukaa pale barabarani kama sisi tulivyochoka kumwona. Akasema, "Tangulieni."

Tulikwenda: mama mbele, mimi, yeye, na wale askari wawili. Karibu na ghuba njia inazunguka bonde dogo lenye majani mazuri mabichi. Askari mmoja, mgeni wa upande huu, akataka kukata katikati ili kufupisha. Mama akapiga kelele.

"Wee, mutoto! Usishuke hapo! Hapo iko mazuku."

Alisimama, mguu mmoja hewani. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu. Ni nzito, inalala mabondeni kama maji yasiyoonekana, na anayeingia ndani yake upepo ukiwa umetulia huanguka bila kusikia harufu yoyote. Mama alimwonyesha mjusi na ndege mmoja waliokuwa wamekufa kwenye majani. Askari akarudi nyuma, akasema "Aksanti, mama," kwa sauti ya mtoto wa nyumbani, kisha akakumbuka bunduki yake.

Tukafika. Nikamwonyesha mkubwa vijiti vinne vya pembeni na kibao kidogo cha namba. "Huyu ndiye shahidi wa kwanza." Tope. Akaangalia daftari, akaangalia tope. Shahidi wa pili: mabua mawili, yameinama. Akayahesabu kwa kidole, "Moja, mbili. Dhaifu," na nikaona mabega yake yanashuka kidogo. Tukazunguka lile jiwe kubwa.

"Na huyu ni wa tatu."

Kumi na manne, marefu. Alitazama, akauliza, "Hii ilirudi yenyewe?"

"Yenyewe kabisa, shefu. Hakuna aliyeigusa. Unajua, chini ya tope mizizi ya zamani inabaki hai, hata ukikata yote ya juu, na…" Nilikuwa nimeshaanza somo. Unaniona nilivyo, nikipewa nafasi nafundisha.

Alichuchumaa. "Kwetu tunalimaka," akasema, si kwangu hasa. Akaingiza vidole kwenye tope, akatafuta, akavuta. Yakatoka mabua matatu pamoja, yamefungwa chini kwa utepe wa kitambaa.

"Mwalimu, mizizi ya kwenu inajifungaka yenyewe?"

Alivuta mengine. Matatu, yamefungwa. Aliosha utepe majini, ukawa njano, wenye ndege wa buluu. Kisha sote tukageuka, wale askari pia, kumtazama mama. Kitenge alichokuwa amevaa kilikuwa cha njano, chenye ndege wa buluu, na pindo lake la chini halikuwepo. Lilikuwa limechanwa sawasawa, upana wa vidole viwili.

"Umeniongopea," mkubwa akaniambia. Alisema taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Hapana," mama akasema. "Yeye hajui. Ni mimi nilipandaka. Mimi peke yangu."

Hapa ningependa kukuambia kwamba nilifikiri juu ya maisha yake, juu ya barièri, juu ya wakubwa wa mjini. Sikufikiri. Nilifikiri juu ya miezi yangu ya kuhesabu, na ile barua.

"Mama! Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Tangu kiangazi! Nimeandika barua! Nimewaambia ufuko unajiponya!"

"Nani alikutuma kuandika barua bila kuniuliza?"

"Nilikuuliza! Nilikuuliza papa hapa, ukasema Mungu ni mkubwa!"

"Na haiko mukubwa?"

"Nilikueleza sufuria mbili! Mara mbili nilikueleza! Huwezi kutia chumvi kwenye sufuria isiyo na chumvi, halafu ukanyamaza!"

"Batu banapita banatucheka! Kila siku! Shahidi wako eko uchi kwa njia, tope tupu, wenzake bamevaa. Weye unaweza kuacha mutu uchi kwa njia?"

"Si mutu!"

"Weye njo uliandika ni mutu!"

Alikuwa amenyoosha kidole, si kwangu bali kwa daftari, ambalo bado lilikuwa mkononi mwa mkubwa. Na mkubwa akalitazama. Akasoma tena mstari ule, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Ameanza kurudi. Wote wazima. Nyuma yake askari wa mazuku alikuwa ameshika tumbo. Kisha mkubwa mwenyewe akaanza, kwanza mabega, halafu kichwa kikarudi nyuma, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye tope.

"Nimeona waongo wengi," akasema. "Lakini waongo banapatana. Hawa habapatani hata kidogo."

Aliniamuru nipige magoti. Nikapiga. Lakini alinipa daftari, na askari mmoja akatoa kalamu ya bik mfukoni. "Neno hilo, lifute. Kurasa zote. Ukipita tena na neno hilo, mimi sitakuwa hapa kucheka." Nikafuta. Nilipiga mstari juu ya shahidi, na shahidi, na shahidi, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, mama amesimama juu yangu akinihesabia niliporuka. Walipoondoka alipaza sauti kuuliza nani atalipa sambaza iliyooza. Hakuna aliyegeuka.

Kisha tukabaki wawili, tukakaa kwenye lile jiwe. Mama akaniuliza, "Mwalimu, ile barua ilisema nini?"

Nikamweleza yote, bila hasira sasa. Kwamba projé ilikuwa karibu kuacha kutoa majembe. Kwamba ilifikiri hivyo kwa sababu ya matete kumi na manne yaliyofungwa kwa pindo la kitenge. Mama akashika pindo lake lililochanwa.

"Basi huruma yangu ilisema uongo."

"Hapana, mama. Mimi ndiye sikueleza vizuri. Nilikuambia kazi yake ni kushuhudia. Sikukuambia kwamba utupu wake ndio ushahidi wenyewe. Mtu akishamvisha, hana la kusema tena."

Akatikisa kichwa. "Hiyo ungesema siku ya kwanza. Mambo ya sufuria haikuwa nzuri. Hakuna mama anayeacha sufuria bila chumvi."

Kesho yake niliandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, ngumu kuliko ya kwanza: kwamba nilikosea, kwamba palipoachwa patupu kwa kweli bado ni patupu, kwamba kazi ya akina mama ndiyo inayorudisha matete na samaki. Hawakufurahi nayo, lakini majembe yalikuja. Tulitenga kipande kipya upande wa pili wa ghuba. Akina mama walikaa wakatafuta jina, na yeye ndiye aliyelipata: kitupu. Nikaandika kitupu kimekauka, kitupu hakina kitu, na sarufi ikanyamaza. Yeye akawa mlinzi wake. Mpita njia akicheka, alimshika mkono, akamkalisha, na kumweleza mpaka mtu aombe ruhusa ya kuondoka.

Waasi wale walikwenda zao. Wakaja wengine kupitia Bunagana, wakaondoka, wakarudi. Mlima ulitapika tena, na safari hiyo moto ulisimama kwenye mlango wa mji, upande wa Munigi. Tulikimbia na mifuko yetu ileile. Nimevuka mpaka na madaftari yangu ndani ya gunia la unga, nikarudi nayo yakiwa meupe kwa unga. Mimi bado sijui kukaa. Hata sasa, nikikusimulia, nimeshainuka mara tatu kutazama barabara. Lakini mwezi ukiisha nakwenda kule ghubani na fremu yangu ya mianzi, naanza na kile kitupu, na kwa muda wa saa moja magoti yangu yanatulia.

Nawe, popote ulipo, ukipanda kitu kando ya maji, tenga kipande kimoja usichokipanda. Simamisha vijiti vinne kwenye pembe zake, andika siku ile ile kilichomo ndani, na urudi kila mwezi ukihesabu hicho kwanza kabla ya vingine. Na kabla hujaondoka siku ya kwanza, waite majirani uwaeleze kwa nini kiko kitupu, wasije wakakionea huruma.